Kuanza Kabla ya Moyo Kuwa Tayari

Liko neno moja katika miji yetu hii ya pwani ambalo mtu hulisikia kila mwaka, na mwaka hata mwaka halibadiliki. Ukiingia Rajabu husemwa, "Ramadhani ikitufikia, In-shaa-Allah, nitaanza kusoma." Ramadhani ikifika husemwa kwamba huu ni mwezi wa saumu, mchana mtu amechoka na usiku ana tarawehe, basi bora baada ya Idi. Idi ikipita kuna karo za watoto. Karo zikilipwa kuna harusi ya mpwa. Harusi ikisha kuna safari. Na safari ikirejewa, Rajabu imeingia tena. Wanavyuoni wa zamani waliliita jambo hili taswif, na jina hilo limetokana na lafudhi ya Kiarabu sawfa, ambayo kwa lugha yetu ni ile "nita-" tunayoitanguliza mbele ya kila kitendo ambacho hatukifanyi.

Hatukusudii katika somo hili kumsema mvivu. Mvivu anajijua, na watu wanamjua, na dawa yake ni nyingine. Tunamkusudia mtu mwema mwenye hamu ya kweli, ambaye kitabu amekwisha kukinunua na kukivika jalada, na simu yake imejaa darsa alizozikusanya za mashekhe wa kila nchi, na akikutana na mwenye elimu humwuliza ni kitabu gani kinachofaa kuanzwa, na akijibiwa huuliza kwa mwengine. Mtu huyu ukimwambia, "Basi njoo leo baada ya Maghrib," hukujibu kwa adabu, "Bado sijawa tayari." Neno hilo la mwisho ndilo tunalotaka kulitazama, kwa kuwa limewazuia kheri watu wengi kuliko uvivu.

Utayari ni wa namna mbili, na watu huzichanganya. Manahodha waliokuwa wakisafiri kwa majahazi baina ya Lamu na Mombasa na bandari za Arabuni hawakuwa watu wa kubahatisha. Kabla ya kung'oa nanga nahodha alitazama: je, chombo kimetiwa kalafati? Mbao zimepakwa sifa? Tanga limeshonwa? Maji ya kunywa yamepakiwa? Msimu ni wake, au upepo ungali ukigeuka? Haya yote ni mambo yanayoonekana kwa macho na kushikwa kwa mkono, na kila moja lina mwisho wake: tanga likisha kushonwa limeshonwa. Huu ni utayari wa kitu. Walakini hapakuwa na nahodha aliyesema kwamba hatasafiri mpaka moyo wake usiwe na khofu ya bahari hata chembe. Lau angesema hivyo angalizeekea ufukoni, kwa sababu khofu ya bahari haimtoki mtu akiwa nchi kavu. Humpungua akiwa baharini, safari baada ya safari. Huu wa pili ni utayari wa moyo, nao hauna kipimo wala hauna siku. Anayeungoja hajui anangoja nini.

Na dai letu katika somo hili ni hilo: utayari wa kitu hutangulia kazi, lakini utayari wa moyo huzaliwa na kazi yenyewe. Mwenye kuutaka huu wa pili kwanza anamtaka mtoto kabla ya mama.

Hebu tumtazame mtu mmoja ambaye jina lake limo katika vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi, na wengi wanaolisoma hawajui khabari zake. Naye ni Abu Bakr Abdullah bin Ahmad, ajulikanaye kwa jina la al-Qaffal al-Marwazi, aliyefariki mwaka 417 wa Hijra, nao ni mwaka 1026 wa Miladi. (Msimchanganye na al-Qaffal mwengine, wa Shash, aliyemtangulia, huyo huitwa al-Qaffal Mkubwa, na huyu wetu huitwa Mdogo.) Mji wake ulikuwa Marw, katika Khurasani ya zamani, na magofu yake leo yamo katika nchi ya Turkmenistan. Qaffal maana yake ni fundi wa makufuli. Kufuli letu ndilo hilo qufl la Kiarabu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na alikuwa bingwa. Wasimulizi wanataja kwamba alitengeneza kufuli pamoja na ufunguo wake, vyote kwa uzani wa habba nne, yaani punje nne, na watu wakastaajabu.

Huyu fundi alikuwa amekwisha kufikia umri wa kama miaka 30 alipotaka kutafuta elimu. Tuuone umri huo kama walivyouona watu wa mji wake. Marw ulikuwa mji wa wanavyuoni na wa hazina za vitabu. Vijana wa miaka kumi na mitano walikuwa wamekwisha kuhifadhi Qur'ani na sehemu za fikhi. Naye aliingia katika halaka zao, mtu mzima mwenye mikono ya mhunzi, hajui lolote.

Khabari ya usiku wake wa kwanza imeelezwa na Yaqut al-Hamawi, mwandishi wa kamusi kubwa ya miji, ambaye mwenyewe alikaa Marw na kufaidika na hazina zake kabla Wamongoli hawajauvunja. Anasimulia kuwa Qaffal alikwenda kwa sheikh mmoja wa mji akamweleza haja yake. Yule sheikh hakumwuliza kwa nini amechelewa, wala hakumpa waadhi mrefu. Alimfundisha maneno matatu tu, yale yanayofungua Mukhtasar wa Imamu al-Muzani, mwanafunzi wa Imamu Shafi. Maneno matatu! Qaffal akarudi kwake, akapanda juu ya dari ya nyumba, akawa anayakariri tangu Isha hata kukaribia alfajiri. Kisha usingizi ukamchukua. Alipoamka alitafuta maneno yake matatu asiyaone, yamemtoka yote. Akaingiwa na dhiki kubwa, akawa anajiuliza atamwambia nini sheikh. Akatoka nyumbani hali hiyo, na mwanamke mmoja jirani yake alipomwona alimlalamikia kwamba usiku kucha hawakulala kwa ajili ya kelele zake, na akayataja yale maneno aliyokuwa akiyakariri. Qaffal akayachukua kutoka kinywani mwa jirani! Akenda kwa sheikh akamwambia ukweli wote ulivyokuwa, na sheikh akamwambia jambo hili lisimzuie, kwani akishikamana na kuhifadhi na kujishughulisha, kutakuwa ni ada yake.

Ndugu msomaji, usiipite khabari hii mbio. Lau kuna asubuhi katika dunia ambayo mtu angekuwa na haki ya kusema "kumbe mimi sikuumbiwa haya," ni asubuhi ile. Ameshinda usiku mzima kwa maneno matatu, na jirani asiyekuwa na haja nayo ameyahifadhi kwa kuyasikia ukutani, na yeye mwenyewe ameyasahau. Kila dalili inayoonekana yasema hayuko tayari. Na dalili hiyo haikuwa ya uwongo. Kweli hakuwa tayari. Ila aliyekuwa na elimu, yule sheikh, alijua kuwa kutokuwa tayari si ugonjwa unaongojewa upoe nyumbani. Kuhifadhi ni kiungo, kama mkono wa fundi ulivyo kiungo. Mkono wa Qaffal wa siku ya kwanza karakanani haukuweza kutengeneza kufuli la habba nne, bali huenda haukuweza kunyoosha msumari. Uliweza baada ya makufuli mia. Sheikh alimwambia, kwa ufupi, kwamba kichwa chake kiko leo pale ulipokuwa mkono wake siku ile.

Na tutazame pia kuwa alisema kweli mbele ya mwalimu. Tunawajua watu ambao lau yangewafika hayo wasingerudi tena darsani, si kwa sababu ya kusahau bali kwa sababu ya kuona haya ya kusema kuwa wamesahau.

Kilichofuata kinajulikana. Alisoma kwa Sheikh Abu Zaid al-Marwazi na wengineo, akawa imamu wa Mashafi wa Khurasani, na njia nzima ya kuitengeneza fikhi ya madhehebu ikanasibishwa kwa watu wa upande wake. Katika wanafunzi wake alikuwamo Abu Muhammad al-Juwayni. Na mtoto wa huyu ni Imamu al-Haramayn, aliyekufa mwaka 1085. Na mwanafunzi wa Imamu al-Haramayn ni al-Ghazali, aliyekufa mwaka 1111. Na kitabu cha al-Ghazali, al-Wajiz, ndicho alichokitungia ar-Rafi'i sherehe yake kubwa. Na kitabu kingine cha ar-Rafi'i, al-Muharrar, ndicho alichokifupisha Imamu an-Nawawi kikawa Minhaj. Na Minhaj wasomaji wetu wanaijua, kwani ndiyo iliyosomeshwa katika darsa za Lamu na Mombasa na Unguja kizazi baada ya kizazi. Mnyororo huo mmoja katika pete zake ni fundi makufuli wa miaka 30 aliyesahau maneno matatu.

Atasema msemaji: huyo ni Qaffal, na akina Qaffal ni wachache. Ni kweli. Nasi hatumwahidi mtu kuwa akianza usiku huu atakuwa imamu. Twamtaja kwa sababu ya mwanzo wake, si kwa sababu ya mwisho wake. Mwisho ni wa Mwenyezi Mungu kuugawa, lakini mwanzo ule kila mmoja wetu anauweza, pamoja na kusahau kwake.

Sasa tuje kwenye hoja ambazo watu wazima hujitetea nazo. Ya kwanza ni methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali hii ni ya kweli, lakini ilisemwa kumwambia mzazi asimwache mtoto wake akakauka. Haikusemwa kumwambia mtu mzima kuwa yeye amekwisha kukauka, basi na avunjike. Kuichukua nasaha ya wazazi na kuifanya hukumu ya wazee ni kuidhulumu methali. Waarabu nao wana neno lao kwamba kusoma utotoni ni kama kuchora juu ya jiwe. Imamu al-Mawardi ameeleza kuwa al-Ahnaf bin Qays, aliyekuwa mashuhuri kwa upole na hekima, alipomsikia mtu akilisema alimrudi kwamba mkubwa ana akili zaidi, ila moyo wake una shughuli zaidi. Tazameni jinsi alivyoliweka tatizo mahali pake! Hakusema bongo la mkubwa limekauka. Alisema ana shughuli. Na shughuli ni kitu cha kupangwa, hakihitaji kuliliwa. Na Imamu al-Bukhari, baada ya kutaja wasia wa Sayyidna Umar (R.A.) kuwa watu wajifunze kabla hawajawa wakubwa, aliongeza mwenyewe kuwa na baada ya kuwa wakubwa pia, kwani Masahaba wa Mtume (S.A.W.) walijifunza katika umri wao mkubwa.

Hoja ya pili ni "haraka haraka haina baraka" na "polepole ndio mwendo." Hizi mbili tunazisikia zaidi kutoka kwa watu ambao hawajaondoka walipo. Polepole ndio mwendo, naam. Lakini aliyeketi hana mwendo, wa polepole wala wa mbio, basi methali hiyo haimhusu mpaka ainuke.

Hoja ya tatu haisemwi kwa ulimi, nayo ndiyo kubwa kuliko zote: ni haya. Mtu ana ndevu zenye mvi, ana wajukuu, watu humwamkia "shikamoo" njiani, na duka lake linajulikana. Vipi ataketi na Safina mkononi pamoja na vijana, asome mlango wa kutawadha, akosee irabu, na kijana wa miaka kumi na miwili amsahihishe? Kwa sababu ya haya hiyo wengine huamua kuanzia juu. Huacha Safina na kukimbilia Minhaj, wakidhani kitabu kikubwa kitawasitiri. Na baada ya wiki tatu hawaonekani, na sababu wanayoitoa ni kuwa wakati hautoshi. Na akina mama wana mtihani huu kwa ukali zaidi. Yuko bibi aliyelea watoto saba wakasoma wote, na yeye husoma Yasini kwa kuisikia tu. Na anapoambiwa liko darsa la wanawake la kufundishwa herufi, huona uzito kukaa mbele ya mwalimu aliye na umri wa mwanawe wa mwisho. Kwa bibi huyu twasema: Mtume (S.A.W.) ametueleza, katika Hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, kuwa anayeisoma Qur'ani kwa kukwama na kutaabika ana ujira mara mbili. Kukwama huko unakokuonea haya kumehesabiwa.

Na katika nchi yetu hii ya Kenya tumepata mfano ambao dunia nzima iliutazama. Mwaka 2004, baada ya serikali kuondoa karo katika shule za msingi mwaka 2003, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo mjini Eldoret, naye alikuwa na umri wa miaka 84. Alivaa sare kama wanafunzi wenzake, akaketi na watoto walio sawa na vitukuu vyake. Miongoni mwa aliyoyataka ni kuweza kujisomea mwenyewe kitabu cha dini yake asisomewe na mtu, na kuweza kuhesabu fedha zake. Mwaka 2005 alipelekwa New York kuzungumza katika Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya msingi. Fujo zilizofuata uchaguzi zilipomtoa kwake mwanzoni mwa mwaka 2008, akaishi katika hema la waliofukuzwa, hakuacha kwenda shule. Alikufa mwaka 2009. Hakuwa wa dini yetu, wala hakuwa na sheikh wa kumtia moyo; na aliingia shule akiwa na miaka 84. Sisi mwenye miaka 45 atuambia kwamba umri umepita!

Huenda mtu akasema kwamba mifano ni mifano, lakini je, sheria yenyewe yaelekea wapi? Twasema, mwenye kuitazama fikhi ya Swala ataona jambo la ajabu katika mlango huu. Mtu asiyeijua Fatiha na wakati wa Swala umeingia, hakuambiwa aiache Swala mpaka aijue. Ameambiwa asome aya saba nyinginezo anazozijua; akikosa, amdhukuru Mwenyezi Mungu; akikosa hata hilo, asimame kimya kadiri ya Fatiha. Aswali hivyo hivyo alivyo. Na pamoja na hayo wajibu wa kujifunza haukumwondoka, hata aliyeweza kujifunza akapuuza Swala zake hizo atazilipa. Hapa yamekusanywa mambo mawili ambayo sisi huyatenganisha: anza na ulicho nacho, na usiridhike na ulicho nacho.

Na jengine ni tayamamu. Msafiri aliyekosa maji, na wakati umeingia, je, angoje? Wanavyuoni wetu wametofautisha, na tofauti yao ni ya kuandikwa kwa wino mzuri. Akiwa na yakini kuwa maji atayapata kabla wakati haujatoka, basi kungoja kwake ni bora. Lakini akiwa na dhana tu, kwamba huenda akayapata, basi kauli yenye nguvu ni kuwa bora atayamamu aswali mapema. Ipime sasa hali yako kwa mizani hiyo. Unangoja mwalimu aliyekwisha kuandika kuwa atafika mwezi ujao? Ngoja, kungoja kwako kuna yakini. Unangoja "wasaa"? Unangoja "akili itulie"? Hayo ni dhana, tena dhana ambayo imekudanganya mwaka jana na mwaka juzi.

Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa twamwambia kila mtu ajitose katika kila jambo. Mlango huu una mpaka, na asiyeutaja mpaka amefundisha nusu. Jiulize: nikikosea, ni nani atakayelipa? Ikiwa kosa lako litakurudia wewe peke yako, ukachekwa au ukarudia ukurasa, basi anza, kwani gharama yenyewe ni ndogo. Lakini ikiwa watalipa wengine, hapo utayari wa kitu lazima utangulie. Hatupendi kumwona mtu amesoma miezi sita akapanda kutoa fatwa za talaka. Familia ya watu si ubao wa kujifunzia khati. Na imepokewa katika Hadithi kuwa mwenye kujitia uganga hali hajulikani kwa utabibu, huyo hudhaminishwa anachokiharibu. Hali kadhaalika mwenye kuchukua amana za watu afanyie biashara asiyoijua, na nahodha mwenye kupakia abiria katika chombo kinachovuja. Hawa kusema "nitajifunza njiani" si ushujaa. Ajabu ni kwamba watu wetu mara nyingi hugeuza kinyume: katika kusoma, ambako kosa halimdhuru mtu, huogopa; na katika kutoa hukumu, ambako kosa humdhuru kila mtu, hawaogopi.

Na kwa vijana wanaotuambia kuwa wao haja yao ni biashara, na kwamba rasilmali haijatimia, tunawakumbusha Abdur-Rahman bin Awf (R.A.). Aliingia Madina mhajiri, mali yake imebaki Makka. Akaunganishwa udugu na Sa'd bin ar-Rabi' (R.A.), tajiri wa Ansari, aliyemtolea nusu ya mali yake. Rasilmali ililetwa mlangoni! Akamwombea baraka katika mali yake, akauliza soko liko wapi. Akaenda soko la Banu Qaynuqa, na siku ile ile akarudi na faida ya maziwa makavu na samli. Hakungoja apate duka. Wangapi leo wanangoja fedha za duka la nguo hali wanaweza kuanza kwa kanga sita begani?

Yanayobaki ni ya kutenda, nayo ni machache. Chagua wakati mmoja usiogombaniwa. Wazee wetu walichagua baina ya Maghrib na Isha, na hatujaona ulio bora zaidi kwa mtu wa kazi. Shika kitabu kilicho chini kidogo ya kiwango unachojidhania, wala si juu yake. Chukua kidogo, hata maneno matatu. Keti mbele ya mwalimu aliye hai anayeweza kukwambia "umekosea," kwa kuwa darsa za simuni hazikusahihishi. Hukuacha ukitikisa kichwa na ukidhani umefahamu. Na usiwatangazie watu kwamba umeanza, kwani sifa ikipatikana mapema nafsi hushiba nayo ikalala.

Katika baraza yetu tumeulizwa swali moja ambalo tuliona ni la haki. Aliyeuliza ni mzee, alisema: "Mimi sioni haya, wala siogopi kukosea. Naogopa kuwa nitaanza na sitamaliza, na kazi ya nusu ni aibu." Tulimjibu kwa khabari ya mtu wa mji wetu.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah, kuwaandikia watu wa pwani kwa lugha wanayoifahamu. Al-Islah haikudumu miaka mingi. Ukiipima kwa umri utasema ni kazi ya nusu. Lakini maandishi ya Sahifa yalikusanywa baadaye katika kitabu cha Uwongozi, kikasomwa na watu ambao hawakuwahi kuishika Sahifa yenyewe. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na kazi ya ukadhi si kazi ya kumwachia mtu nafasi. Pamoja nayo alianza kuifasiri Qur'ani Tukufu kwa Kiswahili, kazi ambayo mwenye kungoja wasaa asingeianza kabisa. Alifariki mwaka 1947 hali hajaimaliza. Karatasi zake zilibaki. Zilipitia mikononi mwa mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, akazitengeneza, na mwaka 1980, miaka 33 baada ya mwenyewe kuzikwa, sehemu ya Al-Faatiha na Al-Baqara ilitoka chapani Nairobi.

Yule mzee alituuliza kama kitabu hicho kingali kinapatikana. Tukampa nakala tuliyo nayo, akaenda nayo, na Jumanne iliyofuata alikuja baada ya Maghrib.